Ekalale Si Chakula ya Mbuzi

Weka mbuzi yako hapa chini, mimi naweka dume yangu, ile nyekundu ya pembe moja. Usipoamini stori yangu, mbuzi yako ni yangu. Nikimaliza hii stori hakuna mtu ataamini, na jioni nitarudi nyumbani na mbuzi wawili. Ati Mturkana wa Kakuma, mwenye aliacha shule darasa la sita, alitengeneza likeri ya matunda kwa nyumba ya mama yake, na hiyo likeri ikanyamazisha barman wa Lodwar, mtu anavaa tai ya kipepeo kwa ile joto yote. Mwenye anamjua huyo barman anajua hapo kwa kunyamaza ndipo ngumu kuamini.

Huyo Mturkana anaitwa Ethuro, dereva wa bodaboda. Uliza stage ya bodaboda ya Kakuma, watakuambia hakuna mtu anajua vitu kama Ethuro, na watakuambia hivyo kwa sababu yeye mwenyewe amewachosha kuwaambia. Yeye ndiye alifundisha pikipiki kupanda mchanga wa laga, ule mto mkavu. Yeye ndiye akiangalia mawingu, mawingu yanaona aibu. Shule aliacha wakati kiangazi kilimaliza mbuzi wa nyumbani, lakini vile anasema yeye, mwalimu alilia siku hiyo kwa sababu hakubaki na mtu wa kumsahihisha.

Mama yake anaitwa Akol, na Akol anauza ekalale kando ya barabara, kwa kikombe cha bati. Ekalale ni ile tunda watu wa pwani wanaita kunazi. Ni ndogo, ikikauka inakuwa kahawia na mikunjo kama uso wa chifu mzee, na ukiitafuna inaanza tamu halafu inakukwaruza ulimi kidogo ujue hukupewa bure. Mti wake una miiba ya kushika nguo na kukataa kuachilia. Akol ameokota hiyo tunda tangu akiwa msichana. Kile kiangazi kilichomaliza mbuzi, ni ekalale ilishikilia Ethuro na ndugu zake, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kwa hivyo kwa Ethuro unaweza kutukana pikipiki yake, unaweza hata kutukana sura yake, atacheka. Ekalale usiguse.

Sasa, likeri aliijulia kwa Mama Inès. Huyu ni mama wa Kongo, mtu wa Bukavu, jina lake Élisabeth, anaishi ndani ya kambi ya wakimbizi na anauza maandazi. Ethuro ndiye humbebea unga. Siku moja huyo mama alimkuta Ethuro anatafuna ekalale kutoka mfukoni.

"Ethuro, hii matunda ya kwenu, munaitafunaka tu?"

"Sasa unataka tuiimbie?"

"Kwetu Bukavu mama yangu alikuwaka anaweka marakuja mu pombe kali na sukari, anaifungia mu kabati. Ile njo likeri. Haiko ya walevi. Iko ya sherehe, unapewa mu kagilasi kadogo na unakaa vizuri."

"Mama Inès, kabati hatuna. Lakini tunda tuko nayo."

Akamfundisha. Na vile Ethuro anaeleza sasa, utadhani yeye ndiye alimfundisha yule mama. Unachukua ekalale kavu, unaosha mchanga, unatoboa kila moja na mwiba wa mti wake mwenyewe, kwa sababu ngozi yake ni ngumu na isipotobolewa pombe itaizunguka tu kama mgeni mwenye hajafunguliwa mlango. Unaweka kwa chombo, unamwaga ile pombe kali nyeupe ya dukani, ile haina harufu ya kitu. Unatia tangawizi ya kuponda. Unafunga, unaweka kivulini, unatikisa kila siku. Pombe ikishakuwa rangi ya chai ya rangi, unachuja na kipande cha kitenge safi, ndio unatia sukari ya kuyeyusha. Hapo uko na likeri. Ukitaka kuikoroga iwe koktel, unaongeza limau, soda ya tangawizi na barafu kutoka kwa friza ya duka la Msomali, unatikisa, unamimina.

Chupa ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili Mama Inès alionja, akafunga macho, akasema, "Ethuro, Mungu akusamehe, iko sawa." Na huyo ni mama wa kwaya.

Basi siku moja Ethuro akapata mteja wa Lodwar. Akamfikisha, na kwa vile koo ilikuwa imejaa vumbi ya Kakuma mpaka Lodwar, akaingia kwa baa ya hoteli moja kutafuta maji baridi. Ukutani kulikuwa na ubao umechorwa chaki ya rangi: KOKTEL YA TURKANA, LADHA HALISI YA NYUMBANI. Chini yake wamechora gilasi na mnazi.

Ethuro akauangalia huo mnazi kwa muda mrefu.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na mtu mnene kidogo, tai ya kipepeo shingoni, anapangusa gilasi kama mtu anaosha mtoto. Ethuro akaagiza. Yule mtu akashika chupa ya kitu nyekundu, akamimina, akatia soda, akachomeka kamwavuli ka karatasi juu.

"Hii nyekundu ni tunda gani?" Ethuro akauliza.

"Stroberi. Inatokaka Ulaya."

"Na Turkana iko wapi hapa ndani?"

"Turkana ni hapa tunakaa, bwana. Kunywa."

"Nakuuliza tunda. Umeandika ladha ya nyumbani. Nyumbani kwa nani? Mimi niko nyumbani, mama yangu yuko nyumbani, hatujawahi kuona stroberi hata ikipita barabarani."

Watu wawili kwa meza wakaanza kucheka. Barman akaweka gilasi chini, akajiegemeza.

"Sasa ulitaka nikuwekee nini? Ekalale? Ile chakula ya mbuzi?"

Na wale wa meza, Waturkana, wenye mama zao pia wamewalea na hiyo tunda, wakacheka zaidi. Hiyo ndiyo ilimchoma. Mgeni akikutukana unaweza kusema hajui. Lakini hawa walijua, na walicheka ili waonekane ni watu wa mwavuli wa karatasi.

Ethuro alilipa, hakunywa, na ule mwavuli akaubeba. Mpaka Kakuma alikuwa anaongea peke yake ndani ya kofia. Mnazi. Lodwar nzima ina mikoma, mti ambao mbuzi, mtu na ngamia wote wanaujua, na wewe unachora mnazi. Unaweka tunda ya Ulaya, unaiita jina la watu, halafu tunda ya watu unaiita ya mbuzi. Kwa stage alieleza hiyo stori mara nyingi sana, na hapo ndipo alijikosea, kwa sababu marafiki wa stage ni watu wabaya. Kesho yake akifika, mmoja akalia, "Mee." Mwingine akajibu, "Mee." Kufika Ijumaa hata mteja mwenye hajui kitu alikuwa anaitikia.

Wiki hiyo hiyo Mama Inès akamwita. Inès, binti yake, anaolewa na kijana anaitwa Guy, harusi itakuwa Kalobeyei, kanisani halafu nyumbani kwa bwana harusi, chini ya turubai.

"Kinywaji ya kufungua sherehe, ninataka uitengeneze weye," akasema. "Ile ya ekalale, ukoroge na barafu yake."

Ethuro akavimba mpaka shati ikambana.

"Lakini sikia. Mu famille yetu kuko desturi. Kinywaji haiguswe na mutu kama muyomba wa binti hajaonja. Anaonja mbele ya watu wote. Kama ameikubali, anataja jina ya mwenye alitengeneza, kwa nguvu, na watu wanaitikia hilo jina. Kama ameikatala, anaimwanga chini."

"Akimwaga?"

"Akimwanga, imeisha. Hakuna mutu ataikunywa, na ule mutu hapikie tena mu sherehe yetu."

"Huyo mjomba anakaa wapi?"

"Kaka yangu Elie? Ako Lodwar. Anatumikaka mu bar ya hoteli."

Ethuro hakuuliza kama anavaa tai ya kipepeo. Alijua tu, vile mtu anajua puncture kabla ya kushuka kwa pikipiki.

Mtu mwingine angekataa kazi. Ethuro alikwenda akanunua sukari. Kwa sababu fikiria: yule yule mtu, mbele ya turubai nzima ya Wakongo, Warundi na Waturkana wa stage wenye wangealikwa, atalazimika kufungua mdomo aseme, "Hii ni kinywaji ya Ethuro." Na watu waitikie, "Ethuro." Hiyo ingefunga midomo ya mbuzi wote wa stage. Na akimwaga, basi Ethuro ahamie Lokori akaanze maisha mapya, kwa sababu Kakuma atakuwa Mee mpaka azikwe.

Akatengeneza vizuri kuliko siku zote. Akol akamchagulia ekalale ya mti mmoja tu, ule wa kando ya laga wenye matunda matamu. Ethuro akatoboa moja moja mpaka vidole vikavimba. Akaweka kwa mtungi wa plastiki wa njano, mpya, hata maji haujawahi kubeba, akauweka pembeni ya nyumba ya mama yake, chini ya ngozi. Kila siku anapita kutikisa. Ikapata rangi. Akachuja, akatia sukari. Akaonja, akajisifu kwa sauti, na hakukuwa na mtu mwingine ndani.

Siku mbili kabla ya harusi akafika, akainua ngozi. Mtungi hakuna.

Akol alikuwa nje, ametulia, anasuka kikapu cha majani ya mkoma.

"Mama, mtungi yangu iko wapi?"

"Iko kwa foleni ya maji. Bomba ilifunguliwa asubuhi. Unataka mtungi mzima ukae na pombe, watu wakae na kiu?"

"Na kilichokuwa ndani?"

Akaonyesha na mdomo. Kwenye nguzo kulikuwa kumening'inizwa kibuyu chake kikubwa cha maziwa, kimefungwa kifuniko cha ngozi.

Ethuro akafungua. Akanusa. Sasa, kama wewe si mtu wa huku, nikuambie: hakuna mama wa Turkana anatia kitu kwa kibuyu kabla hajakiosha na moshi. Anachukua kaa la mti mzuri, anatumbukiza, anafunika, anazungusha mpaka ndani kunukie. Ndivyo maziwa yanakaa siku nyingi na hayachachi vibaya. Akol alikuwa amefanya vile mikono yake hufanya. Hakufikiria, kama vile wewe hufikirii ukivua viatu.

Likeri yote ilikuwa inanukia moshi.

"Mama. Umeweka moshi."

"Nimesafisha."

"Hii si maziwa, mama. Hii ni likeri. Inatakiwa inukie tunda. Sasa inanukia jiko."

"Kibuyu bila moshi ni kama mtu hajaoga. Ungetaka nikupelekee wageni na kitu chafu?"

"Yule mtu wa Lodwar anasema sisi ni watu wa mbuzi, na wewe unaniwekea harufu ya boma ndani. Si ungemwaga tu wewe mwenyewe, tumalize?"

Hilo neno lilikuwa kali kwa Akol. Aliendelea kusuka. Ethuro akatoka, akapanda pikipiki, akaendesha kwa hasira mpaka karibu na Kalobeyei na kurudi bila mteja, kupoteza mafuta tu. Alikasirikia bomba. Alikasirikia mtungi. Alimkasirikia Elie kwa moshi ambao Elie hakuwa hata ameusikia. Kutengeneza nyingine hakungewezekana, ekalale haiharakishwi, pombe inataka wiki zake.

Basi akafanya vile mtu hufanya na gari la mavi: akalifunika. Akatia limau zaidi. Akatia tangawizi zaidi. Akaonja. Limau ilikuwa mbele, tangawizi katikati, na nyuma kabisa, umekaa kama mzee amekataa kuhama, moshi.

Siku ya harusi joto ilikuwa ya kukaanga mayai kwa tangi ya pikipiki. Baada ya kanisa watu wakaingia chini ya turubai. Wa stage walikuja wote, nguo za kuazima, wamekaa mstari mmoja nyuma. Akol alikuja na shanga zake za sherehe, akakaa karibu na Mama Inès, hajaongea na Ethuro tangu ile siku. Na mbele, kando ya meza ya maharusi, Elie alikuwa amepanga chupa zake nyekundu, zimesimama kama askari, na miavuli ya karatasi kwenye sahani.

Alimwona Ethuro akiingia na kibuyu.

"Haa," akasema. "Ule wa mbuzi."

"Ejok," Ethuro akamjibu, kwa sababu salamu haina makosa.

"Mimi nimeleta yangu tayari. Hiyo yako minaionja juu ya dada yangu tu."

"Onja. Lakini onja kama mtu mwenye ulimi."

Shaker hakuwa nayo. Lakini kibuyu anacho, na alikuwa amemwona mama yake akitikisa maziwa maisha yake yote. Akatumbukiza barafu, limau, soda akaiacha pembeni ya kumalizia, akafunga ngozi, akaketi, akakiweka kibuyu mapajani na kuanza kukisukuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Barafu ikaimba ndani. Mama wawili wa Kiturkana wakaanza kucheka kwa mikono mdomoni, mwanaume anatikisa kibuyu. Kule nyuma mtu wa stage akasema, "Mee," polepole, kama sala.

Akamimina kwa kagilasi, akatia soda juu, akampa.

Elie akasimama. Watu wakanyoosha shingo. Akainua gilasi kwa mwanga, kama mtu anatafuta nzi. Akainusa. Halafu uso wake ukakunjika, na mkono ukaanza kushuka upande, gilasi ikainama, mpaka tone moja likaanguka kwa vumbi. Ethuro aliliona hilo tone. Kila mtu aliliona.

"Hii ni nini iko ndani?" Elie akauliza. "Nyuma ya tunda. Hii harufu."

Hapo ndipo Ethuro, mtu wa kujisifu, mtu mwenye mawingu yanamwonea aibu, alipasuka. Hasira yote ya Lodwar, ya mnazi, ya Mee, ya bomba, ikatoka kwa mlango mmoja.

"Hiyo si mimi," akasema, na sauti ikafika nyuma. "Tunda ni sawa, nimetoboa na mikono yangu. Hiyo ni moshi, na moshi si mimi. Ni mama yangu, Akol, yule pale. Yeye ndiye aliiweka. Ukitaka kumwaga, mwaga, lakini ujue mimi sikuweka moshi."

Akol akaangalia chini.

Elie hakumwaga. Akarudisha gilasi mdomoni, akanywa kidogo, akashikilia ndani, akameza. Akanywa tena. Halafu akafanya kile kitu hamtaamini, na mbuzi yenu nimeshaihesabu: akanyamaza. Alikaa kimya mpaka dada yake akamwita, "Elie?"

"Mimi nawekea watu pombe miaka mingi," akasema mwishowe. "Kuko whisky ya wazungu, chupa moja bei ya ngamia, sababu ya moshi kama hii. Na hiyo yao haina tunda."

Akageuka kwa watu. Akainua gilasi juu, na sauti ya baa yake yote akaitoa.

"Hii kinywaji ni ya Akol."

"Akol," turubai ikaitikia.

"Ya nani?"

"Ya Akol."

Hata wa stage waliitikia. Hao ndio waliitikia kwa nguvu zaidi, wakimwangalia Ethuro usoni. Mama Inès akamshika Akol mkono, akamsimamisha, na Akol akasimama katikati ya Wakongo na shanga zake, hajui aweke wapi macho. Elie akazitoa chupa zake nyekundu kwenye meza, akaziweka chini, nyuma ya spika. Zile za mwavuli zilinywewa baadaye, kibuyu kilipoisha, na waliozinywa walikuwa wanalalamika.

Ethuro alifungua mdomo aeleze. Kwamba tunda ni yeye alitoboa. Kwamba likeri ni yeye alitikisa, wiki nzima nzima, chini ya ngozi. Kwamba mama hata hakufikiria ladha, alikuwa anataka mtungi tu wa maji. Lakini angesema nini? Alikuwa amesema mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba si yeye.

Mpaka leo ana hasira hiyo. Wa stage waliacha kulia kama mbuzi. Sasa akifika wanamsalimia, "Mtoto wa Akol, habari ya mama?" Wakongo wa Kalobeyei wakitaka likeri ya sherehe wanapita mbele ya Ethuro, pikipiki yake na mdomo wake, wanaenda moja kwa moja kwa Akol, na Akol anamtuma Ethuro akatoboe ekalale. Ule ubao wa Lodwar nao bado uko na mnazi. Alipita juzi, akauangalia, akatema mate upande. Stroberi bado inaitwa Turkana. Hiyo bado inamchoma, na kwa hilo ana haki.

Kwa moshi, alikosea.